Somo la Walimu: Msitu wa Chemchemi



Kabla ya kuendelea, fungueni Biblia zenu msome Mwanzo 2:4-15, Kumbukumbu la Torati 12:1-4 na 20:19-20, kisha 1 Wakorintho 8 yote. Msipoyasoma hayo kwanza, haya yangu yatakuwa maneno ya mtu tu.

Mwalimu mmoja wa upande wa Kibondo ameniandikia barua. Usharika wake wajenga kanisa la matofali ya kuchoma, nao wahitaji kuni nyingi za tanuru. Juu ya chemchemi ya kijiji pana miti mikubwa, mikuyu na mingineyo, ambayo hata wazee hawajui kama ilipandwa au iliota yenyewe. Zamani watu walipeleka pale pombe na unga, wakaomba mvua. Basi wazee wa kanisa wamegawanyika. Wengine wasema, "Tuikate, tupate kuni, na ushirikina ufe siku hiyo hiyo." Wengine wasema, "Tusiiguse." Naye mwalimu aniuliza: Je, Mkristo aweza kuulinda msitu uliokuwa wa mizimu?

Najua swali hili si la kijiji kile peke yake, kwa hiyo namjibu hapa mbele yenu nyote. Lakini siwezi kumjibu kwa ndiyo au siyo mara moja. Yatupasa kwanza kufikiri jinsi watu mbalimbali walivyoitazama nchi hii yetu ya Buha. Maana msitu ni mmoja, lakini wanaoutazama hawaoni kitu kimoja.

Wazee wetu wa zamani walikuwa na mabwana wawili katika nchi. Mwami alitawala watu kwa ngoma yake, na chini yake watware; hao walikuwa wa jamaa ya Watutsi. Lakini udongo wenyewe ulikuwa na mzee wake, yaani muteko, mtu wa zile koo zilizokuwapo kabla ya wafalme. Mgeni aliyetaka shamba alikwenda kwa muteko akaonyeshwa mahali pa kulima. Nzige wakija, mvua ikikawia, simba akila watu, aliitwa muteko. Mwami hakuweza kufanya kazi hiyo, ingawa alikuwa na mikuki mingi. Katika macho ya muteko, nchi ilikuwa na wenyewe wasioonekana, na mtu hakuchukua kitu bila kuomba ruhusa.

Sisi tuliofundishwa katika shule za misheni tulizoea kulicheka jambo hili. Mimi pia nililicheka. Lakini someni Walawi 25:23, ambapo Bwana asema kwamba ardhi ni yake, na Israeli ni wageni na wapangaji kwake. Muteko alikosea jina la mwenye nchi, wala sitaki kulificha kosa hilo, maana ni kubwa. Lakini kwamba nchi ina mwenyewe, na kwamba mtu ni mpangaji tu, hilo hakukosea. Mimi nimekutana na Wakristo wengi waliobatizwa tangu utoto ambao hawajalijua bado.

Mfugaji alikuwa na macho mengine. Kwake mlima ulikuwa majani, na majani yalikuwa ng'ombe wa pembe ndefu. Na ng'ombe hakuwa nyama wala fedha. Alikuwa kamba ya kuwafunga watu pamoja. Aliyepewa ng'ombe kwa desturi ya bugabire alikuwa mtu wa yule aliyempa, akamtumikia na kumheshimu, na yule mkubwa naye akawa ngao yake. Ndiyo sababu sotoka, ilipoingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890 na kuua ng'ombe wengi mno, haikuharibu mali tu. Ilikata kamba hizo. Na mahali ng'ombe walipotoweka, vichaka viliota, na katika vichaka vile waliingia mbung'o. Nitarudi kwa mbung'o.

Nataka kukaa kidogo na mrina asali, maana yeye huingia ndani ya msitu kuliko sisi sote. Katika miyombo ya Kibondo na Kasulu mtu hutundika mizinga yake mbali na nyumba, huenda akalala porini siku nyingi na wenzake, na kurudi na asali na nta. Mtu huyu hujua maua ya kila mti na mwezi wake. Ukimwonyesha mti, hatasema kwanza ni mbao ngapi; atasema nyuki wanaupenda au hawaupendi. Zamani, wenyeji walipoona sega, waliona asali ya kula na ya kutengenezea pombe. Nta haikuwa na thamani kubwa kwao. Wafanya biashara wa Ulaya walipoona sega lile lile, waliona nta. Na wakati wa Wajerumani na wa Waingereza nta ya nchi za magharibi, Tabora na pande zetu, ilikuwa mali ya kupelekwa ng'ambo. Sega ni moja, na kila mmoja alishangaa jinsi mwenzake alivyotupa kilicho bora!

Lakini msifikiri kwamba kila desturi ya zamani ilikuwa ya kuutunza msitu. Mzinga wa gome hupatikana kwa kubambua gome la mti mzima kuuzunguka, na mti uliobambuliwa hivyo hufa. Mtu mmoja mwenye mizinga mingi ameua miti mingi ili nyuki wapate nyumba, na nyuki hao wahitaji maua ya miti iliyo hai. Misitu ilipokuwa mikubwa na watu wachache, hasara hii haikuonekana. Sasa yaonekana, na warinaji wengi wametumia mizinga ya mbao. Nasema hivi kwa sababu nimesikia vijana wenye elimu wakiwasifu mababu kana kwamba hawakuwa na dhambi. Walikuwa wana wa Adamu kama sisi.

Sasa mbung'o. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulienea katika Buha, na Serikali ya Kiingereza iliogopa, na ilikuwa na haki ya kuogopa, maana malale huua. Watu wa Kibondo na Kasulu waliokaa mbalimbali katika pori waliamriwa kuhama, wakakusanywa mahali pamoja, ili mashamba yao yakaribiane na vichaka vifyekwe. Katika macho ya daktari na bwana shauri, msitu ulikuwa nyumba ya inzi. Hawakuona makaburi ya baba za watu, wala chemchemi, wala mizinga. Ramani yao haikuwa na alama za vitu hivyo. Tena mwaka 1972, katika nchi iliyokwisha kupata uhuru, ilianza Operesheni Kigoma, na watu wakahamishwa mara ya pili kwenda kukaa katika vijiji vya ujamaa. Macho ya mara hii yaliona shule, zahanati na barabara, na mtu aliyekaa peke yake mlimani alionekana kuwa ameachwa nyuma. Mema yalipatikana, mimi mwenyewe nilisoma katika shule ya kijiji cha namna hiyo. Lakini mara zote mbili msitu ulirudi juu ya mashamba yaliyoachwa. Leo mgeni akipita na kusema, "Tazama pori ambalo halijaguswa na mtu," huenda amesimama juu ya kiunga cha bibi ya mtu.

Na tazameni jinsi macho yanavyogeuka. Mto Malagarasi huzaliwa katika milima ya mpaka wetu na Burundi, huzunguka mbali kana kwamba hautaki kufika, halafu hurudi magharibi na kuingia Ziwa Tanganyika. Pamoja na mto Muyovozi hufanya vinamasi vikubwa vya mafunjo. Vizazi vingi vya watawala waliviona vinamasi vile kuwa nchi isiyofaa. Mwaka 2000 vikaandikwa katika mapatano ya Ramsar, yaliyowekwa na mataifa kwa ajili ya kulinda nchi zenye maji, navyo vilikuwa mahali pa kwanza pa Tanzania kuandikwa hivyo, eneo la kilomita za mraba 32,500. Wageni husafiri kutoka mbali kumtafuta korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo mpana kama kiatu. Inzi aliyewafukuza watu ndiye aliyemlinda ndege. Mungu hutumia watumishi ambao sisi tusingewaajiri.

Wako na wengine waliokuja bila kutaka kuja. Warundi walikimbilia kwetu mwaka 1972, tena mwaka 1993, tena mwaka 2015. Na Wakongo wakapokewa Nyarugusu, katika Kasulu, tangu mwaka 1996. Walioishi Nduta na Mtendeli mwawakumbuka, maana wengi wenu mliwapelekea mahindi na nguo. Lugha ya Mrundi na ya Muha ni ndugu. Na heshima ya mti penye makazi ya mababu Mrundi aijua kama sisi. Lakini mama aliyekimbia na watoto wake, akapewa mahindi makavu na maharage, ataupikia nini mchana ule? Aliuona mti, akaona kuni. Misitu iliyozunguka kambi iliisha, na wenyeji walinung'unika, na palikuwa na ugomvi, hata wanawake waliokwenda kutafuta kuni waliteswa njiani. Mimi siwezi kusema kwamba mama yule alikuwa na desturi mbaya. Alikuwa na njaa. Kabla ya kuhukumu macho ya mtu, tazameni kwanza chungu chake kama kina kitu.

Basi turudi kwa swali la mwalimu, maana sisi Wakristo nasi tuna macho yetu, nayo tulipewa na watu wenye historia yao. Kila mwanafunzi wa seminari amesikia habari za Bonifasio, mtume wa Wajerumani, ambaye karibu na mwaka 723 aliukata mwaloni wa mungu Donari huko Geismar, mbele ya wapagani waliongoja apigwe na radi. Hakupigwa, na mbao za mti ule zikajenga kanisa dogo. Wamisionari waliotuletea Injili walikuja na mwaloni ule mioyoni mwao. Mwaka 1967 mwalimu mmoja wa historia wa Marekani, Lynn White, mwana wa mchungaji, aliandika kwamba Ukristo wa magharibi ulipowafukuza mizimu katika miti na chemchemi, uliwapa watu ujasiri wa kuvitumia viumbe bila huruma. Wengi walimkasirikia. Nadhani alisema zaidi ya haki, maana kutunza bustani ni amri ya kwanza aliyopewa mtu baada ya kuwekwa ndani yake. Lakini siwezi kusema kwamba alisema uongo mtupu, kwa sababu nitakayowaambia sasa.

Miaka kumi na miwili iliyopita, katika usharika mwingine, mimi mwenyewe nilibariki kukatwa kwa msitu kama huu. Nilisimama na Biblia, nikawasomea habari za Gideoni, vijana wakaingia na mashoka wakiimba. Hakuna aliyekufa, nasi tulifurahi sana. Tulichoma matofali, tukajenga. Mahali pale tukapanda mikaratusi, maana yakua upesi, nasi tulitaka mbao. Mwaka wa tatu, wakati wa kiangazi, chemchemi ilitoa maji kama machozi ya mtoto. Wanawake waliteremka bondeni kabla ya jua kuchomoza, wakarudi wamechoka, na wengine wakaacha kuja ibada ya asubuhi. Nilimwuliza bibi mmoja, mshiriki mwaminifu wa Meza ya Bwana, kwa nini haonekani. Akaniambia, "Mchungaji, mlituambia pale hapana kitu. Palikuwa na maji."

Sikuwa na jibu. Baadaye nilijifunza yale ambayo bwana misitu yeyote angaliniambia kama ningalimwuliza. Majani yaliyooza chini ya miti ya zamani huwa kama sifongo. Mvua kubwa ya masika ikianguka haikimbii juu ya udongo, bali huzama polepole na kutoka tena katika miezi ya ukame. Jua haliupigi udongo. Na mkaratusi, mti wa Australia, una mizizi yenye kiu kubwa. Kuupanda penye chemchemi ni kumweka ng'ombe alinde mtama. Muteko hakujua habari za sifongo. Alisema tu kwamba mwenye kukata pale ataleta ukame. Sababu yake ilikuwa ya uongo, na onyo lake likawa kweli. Mimi nilikuwa na imani ya kweli, nikaleta ukame.

Sasa Maandiko. Wenye shoka watataja Kumbukumbu la Torati 12. Someni tena kwa uangalifu. Israeli waamriwa kubomoa madhabahu, kuvunja nguzo, kuchoma maashera, kukatilia mbali sanamu. Mti wenye majani mabichi watajwa kama mahali ibada ilipofanyika. Lakini miti yenyewe haikuwekwa katika hesabu ya vitu vya kuharibiwa. Gideoni, katika Waamuzi 6, alikata ashera, kitu kilichosimamishwa kwa kuabudiwa, tena kilikuwa kando ya madhabahu ya baba yake mwenyewe. Nayo sura ya 20 ya Kumbukumbu yamkataza hata mwenye vita asiharibu miti ya matunda ya adui kwa shoka. Ikiwa mti wa adui wahurumiwa vitani, je, mti unaotunywesha sisi na watoto wetu?

Na wengine watataja nyoka wa shaba, ambaye Hezekia alimvunja, 2 Wafalme 18:4. Hilo ni neno zito. Alimvunja kwa kuwa watu walikuwa wakimfukizia uvumba hata siku zile. Kwa hiyo, mwalimu, uliza: je, hata leo watu wapeleka pombe penye chemchemi ile? Kama wapo, kazi yako ni kwao, si kwa mti. Vunja chungu cha sadaka kwa ruhusa ya mwenyewe, naye akiwa amekwisha kulielewa Neno. Ukikata mti, naye hajaelewa, atatafuta jiwe.

Lakini kiini cha jambo nakiona katika 1 Wakorintho 8. Paulo ajua kwamba sanamu si kitu. Mwenye kujua hilo aweza kula nyama, tena aweza kuiacha, hafungwi. Mtu anayekata msitu ili mizimu isiwe na mahali pa kukaa, yeye bado anaamini kwamba hukaa pale. Shoka lake lina hofu ile ile iliyokuwa katika kibuyu cha baba yake. Aliye huru aweza kuuacha mti usimame, kwa kuwa ni mti tu, na Mungu, ambaye Waha walimwita Imana kabla hawajasikia jina la Yesu, aliuumba kwa faida.

Wako Wakristo waliofanya hivyo. Katika nchi ya Habeshi, upande wa kaskazini, mlima umekuwa mashamba na malisho pote, lakini mahali ukiona msitu, mara nyingi ndani yake pana kanisa la Orthodoksi. Wao husema kanisa lisilo na miti ni kama mtu asiye na nguo. Huko pwani ya Kenya, misitu ya kaya za Wamijikenda ililindwa na wazee kwa desturi zao, na mwaka 2008 baadhi ya kaya hizo ziliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Na katika Kanisa letu wenyewe, Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliwaonya wenzake wasivunje ovyo vifungo vya ukoo na ujirani, maana aliona ni udongo ambamo mbegu ya Injili ingekua. Alizidisha pengine, hata hivyo kama ningalimsoma mapema, bibi yule angaliteka maji karibu.

Hivi ndivyo nilivyomwandikia mwalimu. Miti isikatwe. Hata Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka penye chanzo cha maji, na usharika usingependa kuitwa barazani kwa ajili ya kuni. Matofali yakaushwe kwa jua, msingi uwe wa mawe, na paa litokeze mbele ili mvua isiupige ukuta; nyumba za namna hiyo husimama miaka mingi. Mikaratusi, kama waitaka kwa mbao, ipandwe juu ya ukingo wa mlima, mbali na maji. Waende kwa mzee yule ambaye jamaa yake ilitunza chemchemi, wamwulize mipaka ya zamani ilipita wapi, wala wasione haya kumwuliza kwa kuwa hajabatizwa.

Aliuliza pia kama aweza kusalisha pale Jumapili ya Rogate, siku ya kuombea mashamba. Hapa nilisita. Nimekwisha kusema kwamba sisi tu huru. Lakini sura ile ile ya 8 yatuonya tusimkwaze ndugu aliye dhaifu, na mwenye umri mkubwa akimwona mchungaji akiomba mvua chini ya mkuyu ule, ataona nini? Nimemshauri waombe kanisani, halafu waende wote pamoja kufyeka njia ya maji na kujenga uzio wa kuzuia ng'ombe. Mwingine kati yenu akiona vinginevyo, na aniandikie.

Barua yake ya pili imefika juma lililopita. Wazee wa kanisa wamepima mita sitini kwa kamba kuzunguka chemchemi, na mzee wa jamaa ile ndiye aliyewashikia ncha ya kamba. Alisema mpaka wa baba yake ulikuwa mpana zaidi, nao wakausogeza. Matofali mabichi yamefika elfu tatu. Mbao za paa bado hawajazipata.